Umeme, Njia na Mzigo wa Kichwani





Mazungumzo haya yahusu jambo lisilozoeleka kusemwa katika mikutano ya jamaa za Kiislamu, nalo ni umeme na barabara. Huenda mtu akauliza, sheria ya dini yaingiaje katika nguzo za waya na lami? Jawabu ni kwamba kila mahali panapogawanywa kitu baina ya watu pana haki na pana dhuluma. Umeme hugawanywa, na njia hugawanywa. Anayepewa sana na anayepewa kidogo hawakutokea hivyo kwa bahati. Alikaa mtu na karatasi na kalamu, akapanga.

Mji wa Jinja waujua umeme kuliko mji mwingine wowote wa Uganda. Mwaka 1907 Winston Churchill alipita hapa akayatazama maporomoko ya Ripon, na katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1908 alisikitika kuona nguvu nyingi namna ile zikipita bure. Mwaka 1947 mhandisi Charles Westlake aliiandikia serikali taarifa juu ya kuyatumia maji hayo. Mwaka 1948 ikaundwa Bodi ya Umeme ya Uganda, na tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth II akalifungua bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale. Mpango ulikuwa wa mitambo kumi, kila mmoja wa megawati 15. Wazee waliokuwa watoto siku zile wakumbuka taa za mji zilivyong'ara.

Je, umeme ule ulikwenda wapi? Ulikwenda katika kiwanda cha nguo. Ulikwenda katika tanuri la kuyeyushia shaba iliyoletwa kwa gari moshi kutoka Kilembe. Ulikwenda katika viwanda vya sukari na katika nyumba za wakubwa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ukavuka Tororo ukaenda Kenya. Hapana ubaya katika hayo. Watu walipata kazi, na jirani kumuuzia jirani ni biashara ya halali. Lakini waya zile zilipita juu ya vijiji vya Busoga kama ndege wapitavyo, hazikutua. Chini yake mwanamke aliendelea kuinama juu ya mafiga matatu, akipuliza kuni mbichi, machozi yakimtoka.

Mtu atasema hiyo ilikuwa serikali ya kikoloni, na mkoloni hakujali. Basi na itazamwe hali ya baadaye. Uhuru ulipatikana mwaka 1962. Bwawa la Bujagali, megawati 250, likamalizika mwaka 2012. Isimba, megawati 183, likafunguliwa mwaka 2019. Karuma, megawati 600, likazinduliwa mwaka 2024. Nguvu za mitambo ya nchi hii sasa zapita megawati 2,000, na yamekuwapo mambo ya ajabu: serikali kulipia umeme uliokuwa tayari kuzalishwa lakini haukupata mnunuzi. Na katika nchi hiyo hiyo, katika kila nyumba kumi, nyumba tisa au zaidi zapika kwa kuni au makaa. Umeme umezidi mtoni na umekosekana jikoni. Na hapo lazima swali ligeuke. Tatizo si uhaba wa nguvu. Tatizo ni kwamba walipokaa wapangaji kuhesabu mahitaji ya nchi, walihesabu kiwanda, wakahesabu ofisi, wakahesabu taa ya sebuleni, na jiko hawakulihesabu, kwa kuwa jikoni si mahali pao.

Moshi wa jikoni si kitu kidogo cha kuchekewa. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na katika hao watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Moshi huo huingia mapafuni, hudhuru moyo, huleta kiharusi, na mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mama yake huuvuta sawa na yeye. Watu kama bilioni 2.1 wangali wapika kwa namna hiyo. Lau ugonjwa fulani ungeua idadi hiyo ya watu sokoni, kila serikali ingetangaza hatari. Huu waua uani, kimya kimya, na jamaa wakija kutoa pole husema marehemu alikuwa na kifua tangu zamani.

Kuni nazo haziji zenyewe. Zamani katika Busoga mwanamke aliokota kuni karibu na shamba lake. Tangu miwa ilipoenea, miti imekatwa na vichaka vimelimwa, na wengi sasa huchoma vigunzi vya mahindi na majani makavu ya miwa yasiyokaa motoni hata dakika chache. Mwenye fedha hununua makaa na kuyatia katika sigiri. Asiye na fedha hutembea. Kwa wakimbizi hali ni ngumu zaidi. Kule Yumbe, wilaya ambayo wengi wa wenyeji wake ni Waislamu, ilifunguliwa kambi ya Bidi Bidi mwaka 2016, ikapokea zaidi ya watu 200,000 kutoka Sudan Kusini, na wengi wao ni wanawake na watoto. Mwanamke wa kambini aendapo porini kutafuta kuni huogopa mambo mawili: kugombana na mwenyeji mwenye pori lake, na kukutana na mtu mwovu njiani. Chakula hugawiwa kwa kipimo. Kitu cha kukipikia mara nyingi huachiwa mwanamke akitafute mwenyewe.

Basi yafaa kutazama mfano mmoja wa mipango ya siku hizi, kwa kuwa waonyesha jinsi nia njema inavyoweza kumpita aliyekusudiwa. Mwaka 2022 wakuu wa umeme wa Uganda walitangaza bei mpya za majumbani. Yuniti 15 za kwanza za kila mwezi ziliwekwa kwa shilingi 250 kila moja, ili maskini apate mwanga. Baada ya hapo bei ikapanda mara tatu hivi mpaka yuniti ya 80. Kisha kuanzia yuniti ya 81 hata ya 150 ikashuka tena, ikawa shilingi 412, na bei hiyo ikaitwa bei ya kupikia, ili watu waache makaa. Ni fikra nzuri, na aliyeifikiri anastahili shukrani. Lakini haya, na ifanywe hesabu. Nani afikaye yuniti ya 81? Ni mwenye friji, pasi, televisheni na maji ya moto. Mjane mwenye taa mbili na simu haifikii yuniti hiyo hata akiishi miaka mia. Ili apate kupika kwa bei nafuu, lazima kwanza avuke kilima cha bei ghali. Ni kama kumwambia mtu kwamba mlango wa hospitali uko wazi, ila uko ghorofa ya tatu na ngazi haipo.

Pana na jambo la wapangaji. Katika nyumba nyingi za mitaani familia nne au tano hutumia mita moja ya Yaka. Zile yuniti 15 za nafuu zahesabiwa kwa mita, wala si kwa jiko. Zikigawanywa kwa familia tano, kila moja yapata yuniti tatu, na huisha kabla ya wiki kupita. Na wapangaji wa vyumba hivyo ni akina nani? Wengi ni wanawake wanaolea watoto peke yao, wauzaji wa mboga na vitumbua, na wazee waliotoka vijijini kwa matibabu. Lau mmoja wao angekaa katika chumba kile walichopangia bei, angalisema neno moja tu, na hesabu ingalipangwa vingine.

Wapo ndugu wanaochukizwa wakisikia maneno kama usawa wa wanawake na wanaume. Wao huona ni maneno yaliyoletwa na wageni ili kuvunja nyumba za watu. Ni kweli kwamba wageni huleta maneno mengi, na mengine ni ya kupimwa kabla ya kupokewa. Lakini suala hili haliitaji mgeni. Katika Sahihi ya Imamu Bukhari imepokewa habari ya Bibi Asma, binti ya Abubakar Siddiq, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yao. Alikuwa mke wa Zubeir, naye Zubeir wakati ule hakuwa na mali ila farasi wake na ngamia wa kutekea maji. Bibi Asma ndiye aliyemlisha farasi, akateka maji, akashona ndoo ya ngozi, akakanda unga. Tena alikuwa akichukua kokwa za tende kichwani kutoka katika shamba la mumewe, mwendo wa theluthi mbili za farsakh, nao wapita maili mbili kidogo. Siku moja alikuwa njiani na mzigo wake, akakutana na Mtume, rehema na amani zimshukie, pamoja na watu katika Ansari. Mtume akamwita, akampigisha magoti ngamia wake ili ampandishe nyuma yake. Bibi Asma akaona haya mbele ya wanaume, akakumbuka na wivu wa mumewe, na Mtume akalitambua hilo, akaenda zake bila kumlazimisha. Alipofika nyumbani akamweleza mumewe, na Zubeir akaapa kwamba kumwona mkewe amebeba kokwa kichwani ni uzito mkubwa zaidi kwake kuliko kumwona amepanda na Mtume. Baadaye Abubakar akampelekea binti yake mtumishi wa kumtunza farasi, na Bibi Asma alikuwa akisema kwamba ilikuwa kana kwamba ameachwa huru.

Wanavyuoni wamezungumza mengi juu ya habari hii, juu ya haya na wivu na huduma ya mke. Kwa mazungumzo ya leo yatosha kutazama mambo yaliyo dhahiri. Mtume aliuona mzigo. Alikuwa na watu, alikuwa na safari yake, na mwanamke mwenye mzigo kichwani ni kitu cha kila siku ambacho jicho la mwanaume hulipita. Yeye akasimama, akatoa chombo cha usafiri alichokuwa nacho. Na yule aliyepewa akaachiwa nafasi ya kukataa.

Yale maili mbili ya Bibi Asma yangaliko. Kati ya mwaka 1985 na 1987, katika wilaya ya Makete huko Tanzania, ambayo leo imo katika mkoa wa Njombe, watafiti waliokuwa wakifanya kazi pamoja na Shirika la Kazi Duniani walizunguka vijijini na kuuliza jambo ambalo wapimaji wa barabara hawakulizoea. Hawakuuliza ni magari mangapi yapitayo. Waliuliza: watu wa nyumba hii wamekwenda wapi, kwa miguu gani, na wamebeba nini? Wakakuta kwamba sehemu kubwa ya safari zote za watu wa Makete hazipiti barabarani kabisa. Zapita katika vijia vya milimani, kwenda kisimani, msituni, shambani, kwenye mashine ya kusaga na zahanati. Mizigo mingi yachukuliwa kichwani, na vichwa hivyo vingi ni vya wanawake. Barabara kuu ilikuwa muhimu, lakini haikuligusa hata kidogo jambo linaloyala masaa ya mwanamke. Kwa hiyo dawa zilizojaribiwa kule hazikuwa za lami peke yake. Vijia vilitengenezwa, mashine za kusaga zikasogezwa karibu, na punda wakaletwa wabebe mizigo. Mtu wa mjini atacheka akisikia punda akitajwa katika mpango wa usafiri. Na acheke. Shingo ya mwanamke wa Makete ilijua tofauti.

Kwa desturi ya zamani, apimaye barabara husimama kando yake na kuhesabu: motokaa ngapi, malori mangapi, mabasi mangapi. Mwanamke aliyebeba kilo 20 za kuni hupita mbele yake na kalamu haiandiki kitu. Si kwamba mpimaji huyo ni mtu mbaya. Karatasi aliyopewa haina mahali pa kumwandika. Kwa hiyo kitabu kikisomwa wizarani, yule mama hakupita.

Mijini nako pana habari yake. Bodaboda ilianza mpakani, kule Busia na Malaba, kwa baskeli zilizovusha watu na mizigo kutoka mpaka hata mpaka, na leo pikipiki zimejaa kila mji. Zimeokoa maisha ya akina mama wengi walioshikwa na uchungu usiku, na ni haki kulisema hilo. Lakini atazamwe mwanamke akipanda. Hukaa upande kwa sababu ya vazi lake, mtoto mgongoni, kikapu magotini, mkono mmoja ukishika chuma, na kofia ya usalama ni ya dereva peke yake. Anguko moja ni watu wawili. Na kwa kuwa safari ya mwanamke si moja, nauli yake pia si moja. Mwanaume hutoka nyumbani akaenda kazini, jioni akarudi. Mwanamke hupeleka mtoto shule, hupita zahanati, huenda sokoni, humtazama mama yake mgonjwa, ndipo arudi. Njia za taksi zote zimechorwa kuelekea katikati ya mji, kama kwamba kila mtu ana safari ya mwanaume. Yeye hulipa vipande vipande, na jumla yake hupita ile ya mumewe.

Kipofu, kiwete na mzee wamo katika mlango huu huu. Mara nyingi mwenye kiti cha magurudumu hutozwa nauli ya kiti chake kama abiria wa pili, au taksi humpita steji bila kusimama. Uganda ilitunga sheria mpya ya watu wenye ulemavu mwaka 2020, nayo ni njema, lakini kondakta hajaisoma. Basi la umeme la Kayoola, lililobuniwa na wahandisi wa Uganda ambao kiwanda chao kimejengwa hapa Jinja, limetengenezwa na sakafu ya chini ili mtu asipande ngazi. Jambo hilo dogo la ngazi mbili limewafungulia njia watu wengi kuliko hotuba nyingi. Wala halikuhitaji ila mtu mmoja kuuliza mapema, kabla chuma hakijakatwa: je, na asiyeweza kuinua mguu?

Sasa lipo jambo zito ambalo ni vigumu kulisema mbele ya wazee, lakini kulinyamazia ni vibaya zaidi. Barabara ikija, huja na watu. Huja vijana wengi wenye mishahara, mbali na wake zao, wakakaa miezi kando ya vijiji vyenye umaskini. Barabara ya kutoka Kamwenge hata Fort Portal, yenye kilomita 66, ilikuwa ikijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Wanakijiji walilalamika kwamba baadhi ya wafanyakazi wa ujenzi waliwaharibu wasichana wadogo, wengine wangali wanafunzi, na wengine wakashika mimba. Mwezi wa Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta fedha za mradi ule. Tangu hapo miradi ya Benki hiyo hutakiwa kuweka kanuni za mwenendo wa wafanyakazi na njia ya mtu kupeleka mashtaka. Ni vema. Lakini wale wasichana walikwisha kuumia, na watoto waliozaliwa wako. Katika michoro ya barabara ile yalipimwa maji ya mvua yatakavyopita, ukapimwa na uzito wa malori. Usalama wa binti wa miaka kumi na minne anayekwenda kuteka maji karibu na kambi ya wajenzi haukupimwa na mtu, na wazazi wenyewe, kwa kuogopa aibu, walichelewa kusema. Imamu wa kijiji ambacho barabara yaja kupita asiseme kwamba hayo ni ya serikali. Binti ni wa jamaa yake.

Kadhalika fidia. Waya za umeme na barabara zikipita shambani, serikali hulipa, na malipo huenda kwa jina lililoandikwa. Katika nyumba nyingi jina ni la mume, au la marehemu, au la ndugu wa marehemu. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 yataka mke au mume akubali kabla ardhi ya familia haijauzwa. Na sheria ya Kiislamu ilikwisha kumpa mwanamke fungu lake katika mirathi, na mali yake ni yake. Pamoja na hayo hutokea mjane akaamka asubuhi akaona shemeji amekwisha kutia sahihi, na mahali alipopanda migomba pamewekwa alama nyekundu. Huyo shemeji husali. Hapa hapana haja ya kumlaumu mpangaji wa serikali. Dhuluma imefanywa ndani ya ukoo, na kadhi na wazee ndio wa kuiondoa.

Kwamba wanawake waweza kupanga na kutenda katika mambo haya, historia ya Kiislamu yenyewe ni shahidi. Bibi Zubeida binti Jaafar, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 831, alitumia mali yake kuchimba visima na birika na kujenga vituo katika njia ya mahujaji kutoka Kufa hata Makka, akapeleka na maji Makka kwa mfereji. Njia ile ikaitwa kwa jina lake, Darb Zubeida, na mabirika mengine yangali yaonekana jangwani mpaka leo. Aliona mahujaji wakihangaika kwa kiu, akauliza maji yako wapi. Hapana aliyemwambia kwamba kazi ya njia si ya wanawake. Au kama alikuwapo, hakusikilizwa.

Na mfano ulio karibu zaidi uko Unguja. Katika kijiji cha Kinyasini, tangu katikati ya miaka ya 2010, wanawake wa vijijini, wengine bibi wenye wajukuu, wengine wasiojua kusoma, hufundishwa kuunganisha na kutengeneza taa za nguvu za jua. Mafunzo hayo yalitoka Tilonia, kule Rajasthan katika India, ambako chuo chake kilianza mwaka 1972. Hutambua nyaya kwa rangi zake, hujifunza kwa mkono na kwa jicho. Wakirudi vijijini, taa ikizimika hawamngoji fundi kutoka mjini. Wana hijabu zao, wana sala zao, na wana bisibisi mkononi. Wachaguliwa hao kwa sababu yenye hekima: kijana akifundishwa huondoka na ujuzi wake kutafuta maisha mjini, bibi hukaa.

Mambo yameanza kugeuka hata kwa wakubwa. Tarehe 14 Mei 2024, huko Paris, ulifanywa mkutano mkubwa juu ya kupika kwa nishati safi katika Afrika, na mmoja wa wenyeviti wake alikuwa Rais Samia Suluhu Hassan, Mwislamu mwanamke, mzaliwa wa Zanzibar. Ziliahidiwa dola bilioni 2.2. Mwezi huo huo Tanzania ilizindua mpango wake wa kutaka watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ahadi ni ahadi, na fedha za ahadi huwa na miguu mizito. Lakini kwa mara ya kwanza jiko liliwekwa juu ya meza ya marais, na haikuwa bahati tu kwamba katika waliokaa mezani yumo aliyewahi kusimama jikoni.

Kwa jamaa za Kiislamu yako yaliyo ndani ya uwezo wao bila kungoja Paris. Mikutano ya kijiji juu ya nguzo na barabara mara nyingi huitwa alasiri, saa ambayo kila mwanamke yuko kwenye moto, kisha husemwa kwamba wanawake hawakuja. Na iitwe saa nne ya asubuhi. Na wanapokuja wasikae nyuma ya watu wote mahali sauti haifiki. Mwenyekiti awaulize wao kwanza, na katibu ayaandike maneno yao kama walivyoyasema. Wapangaji wa mita moja na wakubaliane kwa maandishi, na imamu awe shahidi.

Na jiko la madrasa lenyewe litazamwe. Maharagwe ya wanafunzi huwekwa motoni asubuhi na kuondolewa baada ya adhuhuri, na gunia la makaa kila mwezi lapanda bei. Sufuria ya umeme yenye kubana mvuke huivisha kilo nzima ya maharagwe bila kumaliza yuniti moja, na mpishi hana haja ya kusimama juu yake. Sufuria hizo zapatikana madukani Jinja na Kampala. Ramadhani haiko mbali. Mama wanaopika futari ya msikiti ni saba, na mmoja wao amekohoa tangu mwezi wa Rajabu.